Kamungo: aendelee kusubiri simu ya Marekani au ageukie Taifa Stars? Tulinganishe taratibu

Juzi kinyozi wangu hapa Kasulu kaniacha nimenyolewa upande mmoja, mashine inalia mkononi, yeye kageukia mlangoni anabishana na fundi simu wa kibanda cha pili. Ishu yenyewe ni Bernard Kamungo, winga wa FC Dallas ya Marekani, achezee timu ya taifa ipi. Kinyozi anasema mtu keshavaa jezi ya Marekani, hata kama ni siku moja, huwezi kumwambia arudi huku kugombania namba na kina Msuva. Fundi simu anasema jezi ya siku moja ni picha ya ukutani, mpira ni dakika. Mi nimekaa pale na kitambaa shingoni kama mgonjwa, nikaona acha nikifika nyumbani niliandike hili jambo vizuri, tuweke pande zote mezani, maana kila mtu anaongea kwa mapenzi na hamna anayehesabu.

Kwa ambao hawamfuatilii, Kamungo ni mtoto wa hapahapa. Kazaliwa Kasulu tarehe 1 Januari 2002, wazazi Wakongo waliokimbia vita, kakulia kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya watu waliokuwa wanavuka ziwa kutoka Kivu. Mpira wake wa kwanza ni huuhuu tuliocheza wote, mifuko ya nailoni na kamba, pekupeku. 2016 familia ikapelekwa Marekani, mji unaitwa Abilene, Texas, yeye ana miaka 14. Akacheza mpira wa shule huko, halafu 2021 akaenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC ambayo ni timu ya pili ya FC Dallas, yale majaribio ambayo mtu yeyote analipia ada anaingia uwanjani na namba kifuani, mia wanaenda wanarudi nyumbani, yeye akabaki. 2022 akasaini timu kubwa. Agosti 6, 2023 akaifunga Inter Miami ya Messi kwenye Leagues Cup, kombe la klabu za Marekani na Mexico, mechi ya 4-4 ile, bao lake ndo lilifanya Dallas iongoze 2-1 kabla ya mapumziko, mwisho wakatolewa kwa penati. Hiyo siku Kasulu nzima ilikuwa na ndugu yake.

Sasa tuje kwenye namba ya timu ya taifa. Machi 2023 Tanzania ilimuita kwa zile mechi mbili na Uganda za kufuzu AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika. Hakucheza. Januari 2024 Marekani wakamuita, Januari 20 akaingia kipindi cha pili dhidi ya Slovenia pale San Antonio, Marekani wakafungwa 1-0. Basi. Mechi moja, kutokea benchi, ya kirafiki. Hicho ndo kitu chote tunachobishania.

Upande wa Marekani

Kwanza lazima tuelewane ile simu ya Januari ni simu gani, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Marekani Januari mara nyingi huwa wanaitisha kambi. Muda huo siyo kalenda ya FIFA, kwa hiyo klabu za Ulaya hazilazimiki kuachia wachezaji, na hawaachii kweli, nyota wao Pulisic yuko Milan anacheza ligi, huwezi kumpata. Wanaobaki ni wachezaji wa MLS, ligi kuu ya Marekani, ambayo muda huo imepumzika, pamoja na wawili watatu wa Skandinavia. Kocha anatumia hiyo kambi kuangalia sura mpya. Siku ile ya Slovenia timu ilijaa watu waliokuwa wanavaa jezi kwa mara ya kwanza, na Slovenia wenyewe hawakuja na kikosi chao cha kwanza. Kwa hiyo ukiitwa Januari haina maana umeingia kwenye timu, maana yake umeruhusiwa kupita getini, ndani bado kuna mlango mwingine na huo ndo wenye kufuli.

Sisemi Januari haifai. Angalia Diego Luna. Dogo wa Real Salt Lake, MLS hiyohiyo, kazaliwa 2003. Januari 2025 kambi ya namna ileile, kocha sasa ni Pochettino, mechi na Costa Rica, dogo anapigwa pua inavunjika, damu inamwagika, anapachikwa pamba anagoma kutoka, anarudi ndani anampa Brian White pasi ya bao. Pochettino akampenda papo hapo. Mpaka Gold Cup, lile kombe la mataifa ya kanda yao, ya kiangazi kile Luna ndo anaanza, kafunga mawili nusu fainali na Guatemala, kacheza fainali na Mexico. Mlango wa Januari huohuo mmoja kapita akakalishwa sebuleni, mwingine kapita akasindikizwa nje.

Tofauti ni nini? Mi naona vitu viwili. Luna anacheza katikati ya mistari, anapokea mpira mgongo ukiwa kwa goli anageuka, kitu ambacho Marekani hawana wengi wa MLS wanaokifanya. Halafu Luna klabuni kwake ndo injini, timu inapita kwake. Kamungo ni winga wa kukimbia, mpe nafasi mbele yake anamaliza beki, akikutana na timu iliyokaa nyuma na hakuna pa kukimbilia anapungua. Na klabuni tangu 2024 namba yake haikutulia, mara majeraha, mara anaanza wiki hii wiki ijayo yuko benchi. Kocha wa taifa akiangalia hapo haoni sababu ya kupiga simu.

Na angalia anaogombana nao. Pulisic, Milan. Tim Weah, mtoto wa George Weah, yuko Ufaransa. Brenden Aaronson, Leeds. Malik Tillman, Leverkusen. Gio Reyna na majeraha yake yote bado yuko Bundesliga. Haji Wright anacheza winga na mbele, huyu alifunga na Uholanzi Kombe la Dunia 2022 akitokea benchi. Hapo sijamtaja Zendejas wa Club América. Yaani benchi tu la Marekani ni la watu wanaoanza Ulaya.

Kuna wanaosema mbona Pepi naye ni sub, mtu wa kuanzia benchi, na anaitwa. Sawa, tumuweke Ricardo Pepi hapa pembeni kwa sababu ni mfano mzuri na ametoka nyumba moja na Kamungo, FC Dallas. Mtoto wa Texas, wazazi Wamexico, 2021 kagombaniwa na Mexico na Marekani kachagua Marekani, mechi ya kwanza ugenini Honduras kafunga. Akaenda Augsburg kwa hela nyingi akakauka kabisa, hamna bao. Akapelekwa Groningen kwa mkopo akaanza kufunga tena, na bado Kombe la Dunia 2022 kocha wa wakati huo Berhalter kamuacha, kawachukua Ferreira, Sargent na Wright. Baadaye PSV, anakaa nyuma ya Luuk de Jong, anaingia dakika ya 70 anafunga, Novemba 2024 Shakhtar wanaongoza 2-0 mpaka dakika za mwisho, Tillman anarudisha mbili, Pepi anamaliza dakika za nyongeza. Sub wa timu inayobeba ubingwa wa Uholanzi na kucheza Ligi ya Mabingwa, halafu ni namba tisa, mshambuliaji wa kati, nafasi ambayo Marekani wamekuwa wakihangaika nayo miaka mingi mpaka wakaenda kumchukua Balogun aliyekulia London. Sub wa Pepi na sub wa Kamungo ni vitu viwili, jina la kiti ni moja ila chumba tofauti. Na hata huyo Pepi aliachwa siku muhimu kuliko zote.

Kwa hiyo upande wa Marekani hesabu yangu ni kwamba ili Kamungo arudi inabidi mambo manne yatokee pamoja, awe mzima msimu mzima, aanze kila wiki, afunge zaidi ya mabao kumi hivi, halafu wawili kati ya wale mawinga waumie. Inawezekana. Mi nisingeweka hela yangu hapo.

Faida za kule nazo tusizifiche. Jezi ile inapandisha bei yako sokoni, wakala akiongea na klabu ya Ubelgiji au Denmark neno "timu ya taifa ya Marekani" linafungua barua pepe. Vifaa, madaktari, usafiri, kila kitu kiko sawa. Na kuna hili la moyo ambalo kinyozi alilisema na mi nalielewa: ile nchi ndo ilimtoa yeye na familia yake kwenye hema ikawapa nyumba. Mtu akitaka kuilipa kwa jasho lake huwezi kumwita msaliti.

Upande wa Stars

Nianze na kitu ambacho kila nikikumbuka kinaniuma. Kamungo kacheza na Slovenia Januari 20. Kesho yake, Januari 21, Stars walikuwa San Pédro, Ivory Coast, AFCON, na Zambia. Nilikuwa banda la mpira pale sokoni, mia tano ya kiingilio, watu wamebanana mpaka joto linatoka kwenye bati. Msuva kafunga dakika ya 11, banda limenyanyuka. Kabla ya mapumziko Zambia wanapewa kadi nyekundu. Kipindi cha pili chote Zambia wako kumi, wanapanda juu kutafuta bao, nyuma yao kumeachwa uwanja wa kuchunga ng'ombe, na sisi hatuna wa kuingia kukimbia huko. Tunarudi nyuma, tunarudi nyuma, dakika ya 88 Patson Daka kapiga kichwa. 1-1. Tukatoka makundini bila kushinda mechi.

Sasa fikiria ile mechi dakika ya 65 una winga wa MLS wa miaka 22, mbichi, anaingia kwenye uwanja wazi kama ule. Hiyo ndo kazi yake hasa, ndo kitu anachokijua kuliko vyote! San Antonio kaingizwa kwenye mechi ambayo imekufa, na siku ya pili yake upande wa pili wa bahari kulikuwa na mechi inamuita kwa jina.

Na siku hizi sub siyo mtu wa kubeba maji tena. Tangu 2022 sheria ya wachezaji watano wa kubadilisha ni ya kudumu, makocha wanapanga kabisa timu ya kumalizia mechi. Timu kama Marekani ile timu ya kumalizia imejaa. Timu kama yetu, ukitoa wale kumi na moja, pengo linaonekana hata kwa mama anayeuza mihogo nje ya banda.

Stars yenyewe siyo ile ya kudharau. Toka 1980 tulikaa mpaka 2019 ndo tukarudi AFCON, halafu 2023, halafu 2025 kule Morocco tukafungwa na Nigeria 2-1, sare na Uganda, sare na Tunisia, tukapenya kwa pointi mbili kwenda 16 bora kwa mara ya kwanza, Morocco wakatutoa 1-0 kwao. Wapo watakaosema pointi mbili siyo sifa. Kweli siyo, ila bao letu na Nigeria nani kafunga? Charles M'Mombwa, kijana aliyekulia Australia. Haji Mnoga kakulia Uingereza. Tarryn Allarakhia, Uingereza. Kwa hiyo anayetoka nje haji hapa kama mgeni wa ajabu, wenzake wapo tayari, na wenyeji washazoea kumsikia mtu anaongea Kiswahili cha kukwama. Ingawa huyu wetu Kiswahili anacho, hilo nalo ni jambo, dakika ya kwanza tu mazoezini anaelewana na Bakari Mwamnyeto bila mkalimani.

Halafu kubwa kuliko yote, AFCON 2027 iko hapa. Kenya, Uganda, Tanzania. Mwenyeji hachezi kufuzu kwa presha. Kamungo atakuwa na miaka 25, umri wa winga kabisa. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu anaingia kutokea benchi uwanja wa Mkapa... hata kinyozi alinyamaza kidogo hapo nilipolisema.

Hasara? Zipo tele. Safari kwanza. Kutoka Dallas mpaka Dar ni zaidi ya saa ishirini angani na viwanja vya ndege, unacheza Jumamosi Texas, Jumanne uko Dar unatembea kama mlevi, Ijumaa mechi, Jumanne mechi, halafu unarudi klabuni unakuta mtu wa nafasi yako ameanza na kafunga. Kwa mchezaji anayeanza kila wiki hilo siyo tatizo, kwa sub ni hatari ya kweli, maana sub anaishi kwa mazoezi ya katikati ya wiki, huko ndo anapomshawishi kocha. Akikosa wiki mbili kila baada ya miezi miwili anaweza kupoteza hata kile kidogo alichonacho. Na soko la Ulaya, tuseme ukweli, linaangalia jezi ya Stars kwa jicho lingine. Samatta alifika Aston Villa kwa mabao ya Genk, jezi ya taifa haikumsaidia hata kidogo kule.

Makaratasi

Hapa ndo penyewe. Watu wanabishana mioyo, wakati jambo linaamuliwa ofisini.

Upande wa FIFA hamna shida kubwa. Mechi ya Slovenia ilikuwa ya kirafiki, haimfungi mtu. Mfano rahisi ni Declan Rice, kachezea Ireland mechi tatu za kirafiki 2018, mwaka uliofuata yuko England. Mfano mtamu zaidi kwetu ni Wilfried Zaha. Novemba 2012 England na Sweden, ile siku Ibrahimović kafunga manne, Zaha kaingizwa mwishoni akitokea benchi, kijana mdogo, Uingereza nzima inamsifu. 2013 kaingia tena na Scotland. Halafu kimya. Miaka mitatu anasubiri simu, simu haiji, mwisho kaomba kubadilisha kwenda Ivory Coast alikozaliwa, Januari 2017 yuko AFCON. Baada ya hapo kacheza michuano mikubwa, kafunga, kawa mtu. Mechi mbili za kirafiki kutokea benchi, kila nikimuangalia Kamungo naona ramani ileile.

Tatizo ni kwetu. FIFA wanataka uwe na uraia wa nchi unayoichezea, na sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa Marekani kwa hiari yako, wa huku umeuaga. Hii Hadhi Maalum ya diaspora iliyoanzishwa inasaidia mambo ya kuingia nchini, ardhi na kadhalika, siyo uraia, haikupi pasipoti ya kuonyesha FIFA. Na kwa mtoto aliyezaliwa kambini na wazazi wakimbizi swali linaanzia mbali zaidi, je aliwahi kuhesabiwa raia? Sisi tuliokulia jirani na kambi tunajua, mtoto kazaliwa Kasulu, kasoma Kasulu, ana marafiki Kasulu, na kwenye karatasi ni Mkongo.

Ila serikali ikitaka inaweza. Kibu Denis, Mkandaji wa Simba, asili yake Congo, kakulia Kigoma hukuhuku, 2021 akapewa uraia, mwezi mmoja baadaye anavaa jezi ya Stars. Kwa hiyo njia ipo, lakini Kibu hakuwa na pasipoti ya Marekani ya kurudisha. Hapo ndo uzito ulipo. Unamwambia kijana mwenye familia Texas, kazi Texas, maisha Texas, aweke ile pasipoti mezani kwa ajili ya mechi kumi na tano za mpira? Mi kwa roho safi siwezi kumwambia mtoto wa mtu hivyo, na sidhani kama kuna mzazi wa Abilene atakubali baada ya miaka yote ile kambini.

Ndo maana nasema mzigo uko kwa Bunge na TFF, shirikisho letu la mpira, siyo kwake. Nchi nyingi za Afrika zinazofanya vizuri zimelimaliza hili siku nyingi, sisi tunaenda kuandaa AFCON bado tunajadili.

Na Congo je?

Fundi simu alilitupia hili mwishoni kama utani, ila siyo utani. Wazazi Wakongo, kwa hiyo damu ipo. Kwenye katiba yao ya 2006 uraia wa Congo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine, lakini kila mtu anaona Wan-Bissaka mzaliwa wa London anavaa jezi ya Leopards, timu ya taifa ya Congo, Tuanzebe naye aliyekulia Manchester, na maisha yanaendelea. Wao makaratasi hayajawazuia. Walifika nusu fainali AFCON 2023. Kimpira lakini ni Marekani nyingine tu, Wissa, Bakambu, Elia, foleni ileile, na sub wa MLS atakaa mwisho wa foleni. Nalipita haraka.

Kwa hiyo?

Kuna wanaomtaja Awer Mabil kama jibu la kubaki. Kazaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, wazazi wa Sudan Kusini, kaenda Australia mtoto, kachagua Australia, na Juni 2022 kafunga penati yake na Peru iliyosaidia kuwapeleka Kombe la Dunia. Stori nzuri sana na inafanana kwa machozi. Ila Mabil aliitwa na akaendelea kuitwa, Australia walikuwa wanamhitaji kwenye winga, hakukaa kwenye kumbukumbu ya Januari moja. Ukimtumia Mabil kama mfano utumie wote, siyo mwanzo tu wa kambi.

Mimi nikiwekwa pale nichague kwa ajili ya mpira peke yake, nachagua Stars, na sifikirii mara mbili. Sub anatakiwa aende kwenye timu ambayo kocha akigeuka nyuma dakika ya 65 anamtafuta yeye, na Marekani Pochettino au yeyote atakayekuja akigeuka ana watu sita mbele ya Kamungo. Huku akigeuka anaona pengo.

Nikichagua na pasipoti ndani yake, jibu linabadilika. Kwa sheria ilivyo namwambia abaki zake Marekani, acheze klabu, apate dakika, ahamie hata timu ndogo ambako ataanza kila wiki, na asikubali kuitwa na yeyote kwenye mechi ya mashindano mpaka alijue hili la uraia vizuri, maana mechi ya kirafiki inafutika ila ya mashindano inaanza kukufunga. TFF kama wanamtaka kweli wasimpigie simu ya kumsalimia, wampelekee mwanasheria wa uhamiaji mwenye jibu la maandishi, tena waende na mama yake akae hapo asikie.

Na kama kuna mzazi anasoma hapa yuko Abilene, Columbus, Minneapolis, popote, ana kijana anapiga mpira akademi huko, hii kesi ni yako pia. Kabla hujagombana na shemeji zako kwenye grupu kuhusu achezee nani, tafuta cheti cha kuzaliwa kilipo. Wengi tunajua kiko kwenye sanduku la bibi na sanduku la bibi liko Kigoma.

Kinyozi nimemsomea haya yote jana, kasikiliza mpaka mwisho, kafuta mashine kwa kitambaa, kasema bado Marekani. Upande wangu wa kulia mpaka leo uko juu kidogo kuliko wa kushoto.